Riba ya mkopo ina mwisho? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vikomo vya riba kisheria

Maswali haya nimeulizwa na wafanyabiashara wadogo, watumishi wa umma, vijana wenye madeni ya simu na ndugu walioko ughaibuni. Karibu wote huanza hivi: "Asilimia ngapi ndiyo halali?" Nitazitaja asilimia nchi kwa nchi. Ila nakuomba kila ukiona namba, uulize na hili: ndani yake wamehesabu nini? Watu wengi niliowaona wakikamuliwa walikamuliwa kwa fedha ambazo hazikuitwa riba. Ziliitwa fomu, bima, ada ya kutembelewa, faini ya siku.

Je, kila nchi ina kikomo cha riba?

Hapana. Na ndani ya nchi moja kikomo kinaweza kumbana mkopeshaji mmoja kikamwacha mwingine. Zipo nchi zilizoandika namba kwenye sheria. Nyingine zinafunga kikomo kwenye riba ya benki kuu au wastani wa soko, hivyo kinapanda na kushuka. Nyingine zinaiachia mahakama iseme mkataba huu ni wa ukandamizaji au la.

Jambo lenyewe ni la kale. Sheria za Hammurabi kule Babeli ziliruhusu asilimia 20 kwa mkopo wa fedha na theluthi moja kwa mkopo wa nafaka. Uingereza iliweka asilimia 10 mwaka 1545, ikawa inaishusha kidogokidogo hadi asilimia 5, kisha mwaka 1854 ikafuta vikomo vyote. Hata huko vimerudi, kwa sura nyingine, kama utakavyoona chini.

Kwa hiyo kabla hujauliza asilimia ngapi, jua aliyekukopesha ni nani mbele ya sheria: benki, kampuni ya mikopo, SACCOS, kikundi, au mtu binafsi.

Tanzania kikomo ni kiasi gani?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni taasisi zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana za umma. La tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii kama VIKOBA. Hao wa daraja la pili ndio ambao Benki Kuu ya Tanzania imewawekea ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtu binafsi anayekopesha kama biashara yumo humo humo na anatakiwa kuwa na leseni, hata kama ofisi yake ni meza chini ya mwembe.

Benki za biashara hazina kikomo cha namna hiyo. Zinapanga riba kwa ushindani na kwa kumpima mteja.

Nimesikia redioni Riba ya Benki Kuu ni asilimia 5 na kitu. Mbona benki yangu inanitoza zaidi ya mara mbili yake?

Kwa sababu hiyo si riba yako. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikitangaza Riba ya Benki Kuu, na ilianza na asilimia 5.5. Inaongoza bei ya fedha baina ya benki zenyewe, kisha athari yake hushuka taratibu hadi kwa wakopaji. Hakuna kifungu kinachosema benki isimtoze mteja zaidi ya hapo. Kenya waliwahi kuzifunga riba hizi mbili pamoja, na habari zake zinakuja.

Mkataba wangu unasema asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini nikijumlisha marejesho naona nalipa zaidi. Nimekosea hesabu?

Huenda hujakosea. Hapa nitakaa kidogo, maana swali hili peke yake limewagharimu watu fedha nyingi kuliko faini zote.

Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kuna njia mbili za kuikokotoa.

Njia ya kwanza: riba inatozwa kila mwezi kwenye salio lililobaki. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni nzima, riba ni 35,000. Ukirejesha, deni linapungua, na riba ya mwezi wa pili inapungua nayo. Ukilipa rejesho lililo sawa kila mwezi, utalipa kama 103,480, na mwisho wa mwaka riba yote itakuwa karibu 241,800.

Njia ya pili: riba inatozwa kwenye mkopo wote wa awali, mwezi hadi mwezi, kana kwamba hujawahi kurejesha hata senti. 35,000 mara 12 ni 420,000. Rejesho la mwezi linakuwa 118,333. Mwezi wa kumi na mbili bado unalipia riba ya milioni nzima, ilhali mkononi umebakiwa na deni la laki moja na kidogo.

Asilimia iliyoandikwa ni ileile 3.5, na tofauti ni zaidi ya shilingi 178,000. Ukiigeuza hiyo njia ya pili iwe riba ya salio linalopungua, ni takriban asilimia 5.9 kwa mwezi. Mkopeshaji anayekokotoa hivyo kisha akakuambia yuko ndani ya 3.5 anakutajia namba ya kweli kwa kipimo cha uongo.

Kabla ya kusaini, omba ratiba ya marejesho yenye safu nne: tarehe, rejesho, riba, salio. Tazama safu ya riba tu. Ikiwa inashuka mwezi hadi mwezi, riba iko kwenye salio linalopungua. Ikiwa ni ileile tangu juu hadi chini, umeshajua. Na afisa mikopo akikujibu kwamba ratiba utaipata baada ya kusaini, funga begi lako uondoke.

"Kausha damu" ni mikopo gani, na inavunja sheria wapi?

Ni jina la mtaani la mikopo ya haraka inayorejeshwa kila siku au kila wiki, wanayopewa zaidi kina mama wafanyabiashara. Sheria haina daraja linaloitwa hivyo. Mkopeshaji ama ana leseni na anafuata masharti, ama anavunja sheria.

Mama lishe mmoja wa Mbagala alinionyesha kadi yake jioni moja, sufuria zimeshaoshwa na zimefunikwa. Kadi ya manila, imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta katikati. Aliomba laki mbili. Alipokwenda kuchukua alikatwa 5,000 ya fomu, 6,000 ya bima na 9,000 ya kutembelewa nyumbani, akatoka na 180,000. Rejesho ni 10,000 kila siku kwa siku 26. Siku ukichelewa, unaongeza 2,000. Juu ya kadi pameandikwa kwa kalamu ya buluu: riba 30%.

Tuihesabu bila hata faini. Alipokea 180,000, akalipa 260,000. Tofauti ni 80,000, yaani zaidi ya asilimia 44 ya alichopokea, na kwa muda usiofika mwezi. Na kwa kuwa alianza kurejesha siku iliyofuata, hiyo 180,000 hakukaa nayo hata wiki moja ikiwa kamili. Kwa ukomo wa asilimia 3.5, riba ya mwezi mzima kwenye laki mbili ingekuwa 7,000.

Nilimuuliza kama alipewa mkataba. "Mwanangu, mkataba ndiyo hiyo kadi," akasema. Jina la mkopeshaji halikuwepo, wala namba ya leseni, wala sahihi. Mkopo wa namna hii unakosea kwa mengi kwa pamoja: riba imepita ukomo, makato hayakuelezwa kabla, na hakuna karatasi itakayomsaidia mbele ya mtu yeyote. Ukiniuliza lipi baya zaidi, ni hilo la karatasi. Riba kubwa iliyoandikwa unaweza kuipinga. Ya kadi isiyo na jina utampinga nani?

Mkopeshaji amechukua kadi yangu ya benki na namba ya siri kama dhamana. Ni sawa?

Si sawa, na usikubali. Kadi ni mali ya benki, na kumpa mtu mwingine namba ya siri ni kuvunja masharti ya akaunti yako mwenyewe. Akitoa zaidi ya rejesho, benki itakuambia ulimfungulia mlango. Nenda benki, funga kadi, omba mpya. Deni utaendelea kulilipa kwa njia inayoacha risiti.

Kenya iliweka kikomo cha riba kisha ikakiondoa. Nini kilitokea?

Kisa hiki kina mafunzo mengi kuliko cha nchi yoyote jirani, hivyo nitakisimulia kwa kirefu.

Kenya ililegeza udhibiti wa riba mwaka 1991. Hasira ya wakopaji ikakua, na mwaka 2000 mbunge wa Gem, Joe Donde, alifanikiwa kupitisha bungeni sheria ya kuzifunga riba za benki kwenye hati fungani za muda mfupi za serikali. Ikaangukia mahakamani. Baada ya miaka kumi na kitu mbunge mwingine, Jude Njomo wa Kiambu, akalirudisha jambo lilelile. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini, na kuanzia 14 Septemba 2016 benki zikakatazwa kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya Riba ya Benki Kuu. Mwezi huohuo Riba ya Benki Kuu ikashushwa kuwa asilimia 10, hivyo kikomo kikawa 14, wakati kabla ya hapo wastani wa soko ulikuwa karibu 18. Benki zilitakiwa pia kuwalipa wenye akiba angalau asilimia 70 ya hiyo Riba ya Benki Kuu. Sharti hilo la akiba liliondolewa mwaka 2018.

Waliokuwa na mikopo tayari walifurahi, na walistahili kufurahi. Mwalimu aliyekuwa analipa nyumba aliona rejesho likishuka. Lakini yule ambaye hajapata mkopo bado, mwenye duka la vipuri asiye na hati ya shamba, alianza kuambiwa arudi wiki ijayo. Benki iliona kwamba kwa 14 haimudu hatari yake, na pembeni kuna serikali inayokopa kwa hati fungani bila hatari ya kutolipa. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, ambao ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya sheria, ulishuka chini ya asilimia 3 mwaka 2017.

Machi 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu chenyewe, cha 33B, kilikuwa na maneno yasiyoeleweka, ikatoa mwaka mmoja kirekebishwe. Haikufika huko. Rais alikataa kutia saini mswada wa fedha hadi kikomo kiondolewe, wabunge hawakupata idadi ya kumpinga, na tarehe 7 Novemba 2019 kikafutwa.

Wapo wanaosema kisa hiki kinaonyesha vikomo ni upuuzi. Sikubaliani nao. Hasira iliyoizaa sheria ile ilikuwa ya haki. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba iliwabana wakopeshaji wenye riba nafuu zaidi sokoni, ikawaacha wenye riba kali. Wakati benki ina kikomo cha asilimia 14 kwa mwaka, M-Shwari, mkopo wa simu ulioanza Novemba 2012, ulikuwa ukitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Mara 12 ni asilimia 90 kwa mwaka. Haikuitwa riba, iliitwa ada ya uwezeshaji. Na kampuni nyingine za mikopo ya programu za simu hazikuwa benki kabisa, kwa hiyo sheria haikuwagusa.

Kwa hiyo leo benki ya Kenya inaweza kunipandishia riba itakavyo?

La. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinataka idhini ya waziri kabla benki haijaongeza tozo zake, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba riba nayo imo ndani ya tozo hizo. Ukipokea barua ya kupandishiwa riba, una haki ya kuuliza idhini iko wapi.

Deni langu Kenya limekuwa mara tatu ya nilichokopa. Wana haki ya kunidai hivyo?

Kama mkopeshaji ni benki, soma kifungu cha 44A cha sheria hiyohiyo, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007. Kinasema mkopo ukishaacha kulipika, benki haiwezi kudai zaidi ya vitu vitatu: salio la mkopo lililokuwepo siku ulipoacha kulipika, riba isiyozidi salio hilo, na gharama za kudai.

Mfano. Ulikopa 300,000, ukalipa vizuri hadi salio likawa 180,000, kisha biashara ikalala na mkopo ukaandikwa kuwa haulipiki. Miaka sita baadaye wanakudai 540,000. Kikomo ni 180,000 ya salio na riba isiyozidi 180,000, jumla 360,000, pamoja na gharama halisi za kudai. Ukianza kulipa tena kisha ukaacha, hesabu inaanzia siku ulipoacha kwa mara ya pili.

Kanuni hii asili yake ni sheria ya Kirumi, na Afrika Kusini wanayo pia. Kwa maoni yangu ndiyo kinga nzuri kuliko zote katika ukurasa huu: haimzuii mtu kukopeshwa, ila inaziba shimo lisilo na mwisho. Watu wengi wana haki hii na hawajui. Mawakili wa madeni hawatakuambia.

Mikopo ya simu ina kikomo?

Tanzania, mkopeshaji wa kidijitali asiyepokea amana yuko daraja la pili, hivyo masharti ni yaleyale ya kampuni zenye ofisi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na idhini. Kabla ya kupakua programu, tafuta jina la kampuni iliyo nyuma yake katika orodha ya wenye leseni, maana jina la kwenye simu mara nyingi si jina la kampuni.

Kenya ilianza kuwasajili kwa kanuni za Machi 2022. Kanuni hizo zinawataka waeleze bei yote kabla ya mkopo, na zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walioko kwenye orodha ya simu yako ili wakuaibishe.

Hesabu zao zina mtego wake: muda. Ada ya shilingi 150 kwenye 1,000 inaonekana ndogo. Ikiwa ni ya siku 7, zidisha mara 52 ndipo uilinganishe na riba ya benki.

Na Uganda?

Oktoba 2024 waziri wa fedha alitangaza kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi, sawa na 33.6 kwa mwaka, kwa wakopeshaji wa fedha walio chini ya sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji. Benki hazimo.

Nchi nyingine za Afrika zimefanyaje?

Mifano miwili inanivutia kwa sababu imejaribu kuhesabu kila kitu.

Nchi nane za Afrika Magharibi zinazotumia faranga moja, kuanzia Senegal hadi Niger, zina kikomo cha pamoja tangu Januari 2014: asilimia 15 kwa mwaka kwa benki na 24 kwa taasisi ndogo za fedha na wengineo. Kinachopimwa pale ni gharama nzima ya mkopo, ada zikiwemo. Ukiongeza ada, unapunguza riba unayoweza kutoza.

Afrika Kusini imeweka kikomo kwa kila aina ya mkopo, na kikomo kingine kwa ada. Mkopo mdogo usiozidi randi 8,000 na miezi sita unatozwa hadi asilimia 5 kwa mwezi. Ukirudi kwa mkopeshaji huyohuyo ndani ya mwaka uleule, mkopo wa pili hauzidi asilimia 3. Sharti hili liliandikwa na watu wanaojua maisha: wanajua anayekopa Januari atarudi Machi, na wanajua mkopo wa pili ndio unaomzamisha.

Zambia nayo iliweka vikomo mwaka 2013, ikaviondoa Novemba 2015.

Niko Uingereza. Mkopo wa hadi siku ya mshahara una kikomo?

Ndiyo, tangu tarehe 2 Januari 2015. Riba na ada kwa pamoja haziruhusiwi kupita asilimia 0.8 kwa siku. Faini ya kuchelewa haizidi pauni 15. Na juu ya yote, hutalipa zaidi ya mara mbili ya ulichokopa. Pauni 100 kwa siku 30 ni pauni 24 za gharama, na hata ukichelewa mwaka mzima deni haliwezi kuvuka 200. Kwa kadi za mkopo na mikopo ya kawaida ya benki hakuna kikomo kama hiki.

Tazama ilivyopangwa: kila siku, kila faini, na jumla. Mwanya uko wapi? Ndiyo maana nikiulizwa na watunga sheria wa kwetu waige nani, huwa nataja mfano huu.

Na Marekani?

Hakuna kikomo kimoja cha nchi nzima. New York riba inayozidi asilimia 16 ni kinyume cha sheria kwa mikopo mingi, na ikizidi 25 ni jinai. Arkansas wameandika 17 kwenye katiba yao. Wanajeshi na familia zao wana kinga ya sheria ya shirikisho, asilimia 36 pamoja na ada.

Sasa utauliza, mbona mtu wa New York ana kadi ya asilimia 28? Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba benki ya taifa inaweza kumtoza mteja riba ya jimbo ilipo benki, popote mteja anapoishi. South Dakota ikafuta vikomo vyake, na Citibank ikahamishia huko biashara yake ya kadi. Kwa hiyo ukisoma sheria ya jimbo lako, soma pia anwani ya benki yako. Wenzetu wengi husaidiwa na vyama vya ushirika vya akiba vya shirikisho, ambavyo kikomo chake ni asilimia 18.

Kanada?

Tangu tarehe 1 Januari 2025, kutoza zaidi ya asilimia 35 kwa mwaka ni kosa la jinai. Kabla ya hapo ilikuwa 60. Mikopo ya siku ya mshahara ina kanuni yake: isizidi dola 14 kwa kila dola 100.

Ufaransa, Ujerumani na Japani hupangaje namba zao?

Ufaransa huchukua wastani wa riba halisi sokoni kwa kila aina ya mkopo, ikiongeza theluthi yake, na Benki Kuu yao inatangaza kila robo mwaka. Mfumo ni mzuri hadi riba zinapopanda kwa kasi, maana kikomo kinatazama miezi iliyopita. Hilo liliwakuta mwishoni mwa 2022: watu wenye kipato kizuri walinyimwa mikopo ya nyumba kwa kuwa bei ya leo imevuka kikomo cha jana. Mwaka 2023 ikabidi watangaze kila mwezi kwa muda.

Ujerumani sheria haina namba. Mahakama zimezoea kuangalia kama riba ni mara mbili ya soko, au imezidi soko kwa pointi 12, na hapo mkataba unaweza kubatilishwa.

Japani walikuwa na vikomo viwili visivyolingana, asilimia 20 na 29.2, na wakopeshaji wakaishi katikati yake kwa miaka. Tangu Juni 2010 pengo limezibwa: ni asilimia 15 hadi 20 kutegemea ukubwa wa mkopo, na jumla ya mikopo ya mtu kwa kampuni hizo isizidi theluthi ya kipato chake cha mwaka.

Niko Oman. Kuna kikomo huko? Na vipi kuhusu riba katika Uislamu?

Mwaka 2013 Benki Kuu ya Oman ilishusha kikomo cha mikopo binafsi kutoka asilimia 7 hadi 6 kwa mwaka. Hapo tunazungumzia benki za kawaida.

Kwa Uislamu, kikomo ni sifuri. Suratul Baqara aya ya 279 inampa mkopeshaji rasilimali yake tu: asidhulumu wala asidhulumiwe. Benki za Kiislamu, zilizopo Oman na kwetu pia, hazikopeshi fedha kwa ziada, zinauza kitu. Mfano wa murabaha: unataka pikipiki ya 2,800,000. Benki inainunua, inakuuzia kwa 3,300,000 kwa awamu, na faida yao unaijua tangu siku ya kwanza. Ukichelewa, bei haiongezeki. Wengine hutoza faini ya kuchelewa, lakini inakwenda kwenye sadaka. Hata asiye Mwislamu anapata kitu muhimu hapa: jumla inajulikana na haikui. Hata hivyo linganisha. Faida ya 500,000 ni kubwa au ndogo kutegemea muda uliopewa.

VIKOBA vyetu vinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Tunavunja sheria?

Ule ukomo wa 3.5 ni wa daraja la pili. Kikundi kilichosajiliwa kinafuata katiba yake. Tofauti kubwa ni kwamba ziada ile inarudi kwa wanachama mnapogawana mwisho wa mwaka. Ila mkianza kuwakopesha watu wasio wanachama kwa faida, mmeshavuka kwenda kwenye biashara inayohitaji leseni. Na kwa ushauri wangu, 10 ni nyingi: anayekopa mara kwa mara ndani ya kikundi huwa ni yule mwenye shida zaidi, na gawio la wengine linatoka mgongoni mwake.

Nimegundua nimetozwa kupita kikomo. Nianzie wapi?

Usiache kulipa kwa hasira. Utampa mkopeshaji hoja. Kusanya karatasi kwanza: mkataba, ratiba, risiti, jumbe za miamala ya simu. Kama hakuna karatasi, andika kwenye daftari tarehe na kiasi cha kila ulichopokea na kulipa, ukilinganisha na taarifa ya miamala kutoka mtandao wa simu. Piga hesabu ya salio linalopungua kama nilivyoonyesha juu, upate namba unayoamini ni halali.

Kisha mwandikie mkopeshaji barua fupi, uombe maelezo ya riba na kila ada, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipokujibu au akikujibu kwa mkato, peleka malalamiko Benki Kuu. Tanzania kuna mfumo wa Sema na BoT kwa kazi hiyo. Huduma ya msaada wa kisheria hutolewa bure na mashirika yenye wasaidizi wa kisheria katika wilaya nyingi.

Yule mama wa Mbagala tulianzia kwenye daftari. Tulichora mistari kwa rula ya mwanawe wa darasa la tano: tarehe, nilichopokea, nilicholipa. Ukurasa wa kwanza ulijaa kabla hatujamaliza mkopo wa pili, na alikuwa ameshachukua minne.